Miraba Myeusi ya Papa

Mwezi uliopita nilifungua mfuko wa karatasi za marehemu papa, baba yangu, mfuko wa saruji aliokuwa ameukunja mdomo na kuuweka juu ya kabati, na kitu cha kwanza kilichotoka hakikuwa karatasi bali harufu. Ilikuwa harufu ya betri ya redio iliyopasuliwa, ile ambayo kwetu Bunia tunaiita jiwe. Wa rika langu mnaikumbuka. Jiwe likiisha nguvu hukulitupa. Uliliweka juani ili redio iimbe siku mbili zaidi, na likifa kabisa ulilipasua, ukatoa unga mweusi wa ndani, mkaenda kupaka ubao wa shule. Papa aliutumia unga ule kwa kazi nyingine. Aliukoroga na maji kidogo ndani ya kifuniko cha chupa, akachovya njiti ya kiberiti aliyoifunga pamba kichwani, akapaka miraba myeusi kwenye mafumbo yake ya maneno. Kalamu, alisema, ni ya kuandika. Mraba mmoja tu unaweza kumeza wino wa barua nzima.

Nilikaa chini na mfuko ule mapajani, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikashindwa kuendelea. Kuna jambo moja la utoto wangu ambalo hadi leo sijui nililifanya au lilifanyika lenyewe. Nimelizungusha kichwani miaka mingi na kila nikilizungusha linanionyesha uso mwingine. Nitalisema kama nilivyoliona, maana nikianza kulipanga vizuri nitadanganya.

Tulikaa Rwambuzi, na papa alikuwa mwandishi wa mtaa. Yeye ndiye aliyejua nani anakaa wapi, nani amezaa, nani amepokea wageni. Alikuwa na daftari la miraba, lile la hesabu, na ndani yake alichora kila avenyu ya mtaa: kila kiwanja mraba mmoja, na kila mraba namba yake. Nyumba iliyobaki bila watu aliipaka nyeusi. Miaka ile ya vita watu walikuwa wakifika kila wiki, kutoka Bambu, kutoka Kpandroma, kutoka sehemu ambazo mimi nilizijua tu kwa namna akina mama walivyovuta pumzi wakizitaja, na chefu, mkuu wa mtaa, alitaka kujua ni wapi kuna paa tupu la kumpa mtu.

Papa alikuwa na daftari la pili, na hilo ndilo lililokuwa furaha yake. Humo alitunga mafumbo ya maneno, yale ya kuvuka na kushuka, mots croisés kama tulivyoyaita shuleni, ila yake yalikuwa ya Kiswahili. Madaftari yote mawili aliyanunua kwa Mama Masika, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa na duka kwenye kona. Karatasi ile ile, miraba ile ile, namba ndogo kwenye pembe ile ile, na weusi wa jiwe ule ule. Mtu mzima angeona tofauti mara moja. Mimi nilikuwa na miaka saba, nilisoma herufi moja moja kwa kidole, na yote niliyaona juu ya meza moja.

Siku moja nilimuuliza, "Papa, hii nyeusi ni ya nini?"

Hakuinua kichwa. "Pale hakuna tena batu. Balishaenda."

Daftari lililokuwa mbele yake siku hiyo lilikuwa la mtaa, na jibu lilikuwa sahihi kabisa. Mimi nililichukua jibu hilo nikalitumia kwa madaftari yote mawili, na hakuna aliyejua kwamba nimefanya hivyo. Asiyejua maana haambiwi maana, wanasema. Mimi niliambiwa, nikaipeleka pasipo pake.

Halafu wakaja kina Dorcas. Walikuwa wametoka Bambu, baba, mama, Dorcas wa umri wangu na mtoto mchanga. Asubuhi ile nilimwona papa akichukua wembe na kukwangua polepole weusi wa kiwanja cha mwisho cha avenyu yetu, kule chini karibu na kijito. Jioni watu wakaingia kwenye nyumba ile wakiwa na godoro moja na sufuria tatu. Ninyi mngeelewa kwamba papa alikwangua kwa sababu alijua wanakuja. Mimi niliona kilichotangulia na kilichofuata: kwanza papa alikwangua, kisha watu wakatokea. Nilimtazama kwa heshima mpya, na kwa woga kidogo.

Papa Dorcas alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko alikotoka, mtu mwembamba, mtaratibu, ambaye katika vitu vyote vya nyumba yao alikimbia na kamusi. Ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza duniani kufumbua mafumbo ya papa. Kabla yake papa alikuwa akimtungia nani? Mama alijaribu mara moja, akasema maneno yale yana kichwa kigumu kama cha mwenye kuyatunga, akarudi kwenye maharagwe yake. Lakini mwalimu huyu, papa alipomwonyesha fumbo la kwanza, alikaa nalo barazani tangu misa ilipoisha hadi mama alipowaita kula. Tangu hapo ikawa kila Jumapili. Papa alimnakilia fumbo kwenye karatasi safi, namba na miraba myeusi tu, na chini yake maswali, na mwalimu akaja kulijaza akiwa na penseli aliyoichonga kwa kisu.

Nilidhani anajifunza majirani. Alikuwa mgeni, papa alimpa ramani ya watu, na yeye aliandika herufi ya kwanza ya jina la kila aliyemtambua. Hata maswali yao niliyasikia kama umbeya wa mtaa.

"Haina miguu, imefika Mahagi kabla yako," mwalimu alisoma siku moja. "Herufi sita. Upepo?"

"Upepo ni tano, mwalimu."

"Ngoja, ngoja. Usiniambie." Alifuata mstari kwa ncha ya penseli. "Ile ya kushuka inanipa r. Miye siandikake neno kama ile ya kushuka hayakubali." Akahesabu miraba. Kisha akaandika bila haraka, herufi kwa herufi, na kugeuza karatasi ili papa aone. Alikuwa ameandika habari.

"Njo hiyo," papa alisema, na uso wake ukawa wa mtu aliyekunwa mgongo mahali penyewe.

"Umeifunga muzuri. Ile 'kabla yako' njo inauma. Ungesema tu 'imefika Mahagi', ningesema gari."

"Gari iko na magurudumu."

"Njo vile. Weye hausemi uongo, unasema ukweli kidogo kidogo."

Walicheka. Mimi nilibaki nikimfikiria huyo kiwete aliyefika Mahagi. Jumapili nyingine lilikuwepo swali lililoninyima usingizi: wawili wakiijua, imekufa. Jibu lilikuwa siri, na leo nalipenda swali lile kwa udogo wake, maneno matatu tu na mlango umefungwa. Wakati ule nilihesabu ni watu wangapi wananijua mimi.

Siku ile iliyoleta yote tulikuwa tukicheza mimi na Dorcas nyuma ya baraza, tukipita na kurudi, na masikio yangu yalichukua vipande. Papa alikuwa akimweleza mwalimu kazi yake inavyofanywa, jambo ambalo hakuwahi kupata wa kumweleza. Alisema Kifaransa kinamalizia maneno kwa herufi yoyote kikitaka, lakini Kiswahili ni lugha ya mdomo wazi. Kila neno linaishia kwa a, e, i, o, au u. Kwa hiyo ukifika ukingoni mwa fumbo, upande wa kulia na upande wa chini, miisho ya maneno inapangana, na neno la kushuka pale linabaki na a juu ya i juu ya u, na hakuna neno la namna hiyo.

"Sasa unafanya namna gani?" mwalimu aliuliza.

"Pembeni lazima niweke nyeusi," papa alisema. "Pembeni lazima."

Hicho ndicho kipande nilichokipata mimi, nikipita mbio na mpira wa vitambaa mkononi. Pembeni lazima nyeusi. Na mwenzangu niliyekuwa nikimkimbiza alikaa pembeni kabisa, kiwanja cha mwisho cha avenyu.

Alhamisi iliyofuata papa alikuwa mezani akitunga fumbo jipya. Nilisimama nyuma yake. Alikuwa ameshapaka miraba kumi na kitu, na sasa njiti yake ilikuwa juu ya mraba wa mwisho, ule wa pembe ya chini. Aliutazama kwa muda mrefu, akajaribu neno moja kwenye karatasi ya pembeni, akalikata, akajaribu jingine, akalikata nalo. Akatikisa kichwa.

"Hakuna namna ingine," alisema peke yake. Akachovya njiti, akapaka, akapuliza ili pakauke.

Sikuweza kula jioni ile. Mama alinigusa shingo akitafuta homa. Nilitaka kumuuliza papa wataenda wapi, na mtoto mchanga atabebwa na nani, lakini mtu anayefanya kazi kubwa namna ile, wewe utaanza kumuuliza nini?

Nilimwambia Dorcas kesho yake kijitoni, tukichota maji.

"Mutaenda," nilisema.

"Wapi?"

"Sijue. Papa alishapaka nyumba yenu nyeusi."

Alisimamisha bidoni yake. "Papa yako njo alisema?"

Nimelikumbuka swali hilo maisha yangu yote. Ningeweza kujibu kwamba niliona tu. Lakini alinitazama kama mtu anayetaka kujua uzito wa kitu kabla ya kukibeba, nami sikutaka kuonekana mwongo.

"Ndiyo. Alisema hakuna namna ingine."

"Siku gani?"

Mafumbo ya papa yalikwenda kwa mwalimu siku ya misa, Jumapili. "Dimanche," nilisema.

Dorcas hakulia wala hakuuliza tena. Alijaza bidoni nusu tu, akaitwika, akaondoka. Mimi nilibaki kujaza yangu hadi juu, nikiwa na huzuni, na pia, nikiri, nikiwa na ukubwa fulani ndani yangu, kwa sababu nilikuwa nimejua jambo kabla ya watu wazima.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa sokoni na papa ofisini kwake. Niliwaona wakipanda avenyu kama watu wanaokwenda kuuza vitu. Mwalimu alisukuma baiskeli iliyofungwa godoro. Mkewe alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Dorcas alivaa magauni mawili, moja juu ya jingine, na hakunitazama. Mwalimu alisimama kwenye mlango wetu wa matete.

"Imma, papa iko?"

"Hapana. Iko ku biro."

Aliangalia upande wa ofisi, akaangalia jua. "Nilitaka kumuona. Lakini njia iko murefu." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne na kunipa. Lilikuwa fumbo la Jumapili iliyopita, limejazwa lote. "Umupatie hii. Umuambie nimefahamu. Umuambie aksanti."

"Ndiyo, mwalimu."

Aliniwekea mkono kichwani, mkono mkavu wa chaki, halafu wakaenda.

Papa aliporudi nilimpa karatasi na ujumbe kama nilivyopewa. Amefahamu, na aksanti. Papa aliifungua, akapita mistari yote kwa kidole, na alipofika kwenye neno ambalo kwa wiki nzima alikuwa na hakika halitafumbuliwa, alimwita mama, aliyekuwa amerudi, aje aone. Nilimwona akitabasamu peke yake mchana ule wote. Sikumwambia kwamba walikuwa wamebeba godoro. Nilidhani anajua. Yeye ndiye aliyepaka.

Jumapili, baada ya misa, alitoa benchi barazani, akaweka fumbo jipya juu yake na jiwe dogo ili upepo usilichukue. Alingoja hadi chakula kikapoa, na mama alipomwita mara ya pili alisema atangoja kidogo zaidi. Mwishowe akashuka mwenyewe hadi kijitoni. Aliporudi alikaa kwenye benchi bila kuvua viatu vya misa. Mama alimuuliza kuna nini.

"Mulango iko wazi," alisema. "Hakuna mutu. Hata sufuria."

"Baliendaka bila kuaga?"

"Bila kuaga."

Jumatatu alichukua daftari la mtaa, akakoroga unga wa jiwe, akakipaka kiwanja cha mwisho. Nilikuwa nyuma yake tena, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Alikuwa amekipaka Alhamisi, nilimwona kwa macho yangu, na sasa anakipaka tena, na uso wake ni wa mtu aliyefiwa. Nilijiuliza kama mara ya kwanza ni ya kuamuru na mara ya pili ni ya kukubali. Nilijiuliza kwa nini mtu aamuru jambo kisha limuume hivyo. Na zaidi ya yote, Jumapili ilikuwa imepita na hakuna kilichotokea kule chini. Mvua ilinyesha, mbuzi wa jirani wakaingia kwenye nyumba ile kujikinga, na ndiyo hayo tu.

Miezi ikapita. Siku moja dereva wa gari la samaki kutoka upande wa ziwa alileta barua. Papa aliisoma mezani kwa sauti, tukiwa na bugali na sombe ya majani ya muhogo mbele yetu. Mwalimu aliandika kwamba wamefika Mahagi kwa ndugu za mkewe, wamepewa shamba dogo, mtoto anatembea. Halafu papa akasoma mstari uliofuata, akausoma tena. Aksanti ndugu yangu kwa neno ulilotutumia. Mutu mwingine angeogopa kulituma. Hatutalisahau.

"Neno gani?" papa alisema.

"Labda ile ya mafumbo," mama alisema.

"Mafumbo haiwezi kuhamisha batu." Alinigeukia. "Imma, kuna kitu ulimupa Papa Dorcas?"

"Hapana. Hakuna kitu."

Na kweli sikumpa kitu. Nilisema tu, tena kwa Dorcas. Mtoto wa miaka saba anaweza kuwa mwanasheria mkali akiogopa. Papa alinitazama kidogo zaidi, kisha akarudi kwenye barua, na mimi nikamaliza sombe yangu bila kuionja.

Tangu siku ile alianza kulitafuta neno. Alitoa mafumbo yote aliyowahi kumpa mwalimu, zile nakala zake mwenyewe, akayasoma kwa kuvuka na kwa kushuka. Hakuona kitu. Akayasoma kinyume. Akayasoma kwa mshazari, pembe hadi pembe, na hapo siku moja akaruka kwenye kiti na kumwita mama. Katika fumbo moja, herufi nne zilizoshuka kwa mshazari zilikuwa zimeandika toka.

"Sikuiweka," alimwambia mama. "Ona. Ilijiweka yenyewe."

"Basi ni hiyo. Mwalimu aliiona."

"Lakini sikuiweka."

Mama aliona jambo limekwisha. Kwa papa ndipo lilipoanza. Kama fumbo lake limesema toka bila yeye kujua, limesema nini kingine, na kwa nani? Kila alipotunga jipya alilipekua upande hadi upande akitafuta maneno ambayo hakuyaweka, na kila mara aliyapata, maana lugha ya mdomo wazi ina ukarimu huo: ukimwaga herufi zake popote, neno fulani litaota. Mara aone kufa, mara aone wao, mara aone kimbia ikikosa herufi moja. Alikata, akabadilisha, akapaka. Mafumbo yakawa na weusi mwingi hadi hayakubaki na mahali pa kuandika. Mwisho wake aliacha. Pamba ilikaukia kwenye kifuniko cha chupa, na Jumapili baada ya misa papa alikaa barazani akisikiliza redio. Nilijua kwamba nahusika na ukimya ule, lakini sikujua kwa mkono gani.

Nilikuja kuelewa nikiwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa Kifaransa alichora mots croisés ubaoni, na mtoto mmoja akauliza miraba myeusi inamaanisha nini. "Haina maana," mwalimu alisema. "Inatenganisha tu maneno." Niliinua mkono nikauliza tena swali lile lile. Alinijibu tena. Nilipouliza mara ya tatu darasa lilicheka, na mimi nikakaa chini, nikiona papa akipuliza mraba ule ukauke, mraba usiokuwa na mtu ndani, uliofungwa kwa sababu tu Kiswahili hakikumpa neno.

Kwa nini sikukimbia nyumbani kumwambia? Nimejiuliza zaidi ya hilo la kwanza. Wakati ule habari ya barua ilikuwa imeshaenea, na watu walimsifu papa kwamba aliokoa familia kwa ujanja wa mafumbo. Papa alikataa kila mara. "Miye sikusema kitu," alisema, nao wakaona ni unyenyekevu wakamsifu zaidi. Nilijiambia nikisema nitamvua sifa. Nilijiambia nitasema nikimaliza shule, halafu nikiolewa, halafu nikizaa. Woga ukikaa muda mrefu unajifunza kuvaa nguo za adabu, na mimi niliuvalisha vizuri.

Mara moja nilianza. Alikuwa ameshazeeka, macho yakiwa na ukungu, tumekaa barazani mchana.

"Papa," nilisema, "ile barua ya Papa Dorcas."

Aligeuka haraka kuliko nilivyomdhania. Uso wake wote ulifunguka, akashika mkono wangu. "Umeipata? Ile neno?"

Niliogopa furaha ile. Mtu aliyengoja jibu miaka ishirini na zaidi, nimwambie kwamba jibu ni mtoto aliyechanganya madaftari? Kwamba aliacha kazi aliyoipenda kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwemo kamwe kwenye karatasi zake?

"Hapana, papa," nilisema. "Niliuliza tu."

"Ah," alisema, akauachia mkono wangu taratibu.

Tulimzika mwanzoni mwa msimu wa mvua. Wiki mbili baada ya mimi kufungua ule mfuko, mzee mmoja alishuka kwenye gari la kutoka Mahagi, akauliza nyumba ya Papa Imma, akaletwa na watoto wa avenyu. Alikuwa amechelewa matanga kwa sababu habari ilimfikia shambani. Nilimtambua mwalimu kwa namna alivyosimama mlangoni kwanza, akitazama, kabla ya kuingia. Nilimkalisha, nikampa chai na mandazi, akaniambia mkewe anamsalimia kila mtu, na kwamba Dorcas ni mama wa watoto wanne na anafundisha.

"Anatukumbuka?" niliuliza.

"Hakumbuke hata jina ya avenue," alisema kwa upole. "Batoto yake banamuulizaka Bunia iko namna gani, yeye anasema hajue."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, madaftari mawili, njiti, kijito, siku ya dimanche niliyoitoa kichwani mwangu. Niliongea haraka nikitazama mikono yangu. Nilimwambia papa hakumtumia neno lolote, kwamba yeye mwalimu alifungasha watoto wake na kuacha nyumba kwa ajili ya mraba wa fumbo. Nilimwomba msamaha kwa kupiga magoti, kama inavyopaswa.

"Simama, mwanangu," alisema. "Mizigo yetu ilikuwa imefungwa tangu mwezi mzima. Mama Dorcas hakuwa analala. Nilikuwa nangoja tu mutu mumoja aniambie. Ingekuwa hata kichaa wa soko, ningeenda."

Sijui niseme nini kuhusu nilivyojisikia. Kulikuwa na nafuu, kubwa, nilitaka hata kucheka. Na papo hapo nikaona kwamba kama ni hivyo, basi sikuwafukuza na sikuwaokoa, na sikujua tena ni nini hasa nilichokuwa nimekibeba miaka yote hiyo. Nilimmiminia chai nyingine ili nipate cha kufanya.

Alikunywa kidogo. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeulizia njia, "Na yeye? Ulimuambia?"

Nilitikisa kichwa.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Aliweka kikombe chini. Alitazama baraza, mahali benchi lilipokuwa likikaa.

"Aliniandikia barua saba," alisema. "Zote zilikuwa zinauliza neno gani. Miye nilidhani iko anajificha, anaogopa barua isomwe njiani. Nilimujibu kila mara: weye unajua."